Semmelweis: Bingwa wa Mikono Safi

Kabla ya kugusa mrija wa mgonjwa wa figo anayesafishwa damu, muuguzi hunawa mikono. Mwasisi wa funzo hilo ni Ignaz Semmelweis, aliyezaliwa mwaka 1818 mjini Buda, Hungaria. Mwaka 1847, akiwa daktari katika hospitali kuu ya Vienna, aling'amua kwamba madaktari waliotoka kupasua maiti ndio waliowaambukiza wanawake homa ya uzazi. Akaamuru mikono ioshwe kwa maji ya chokaa ya klorini. Vifo vikapungua mno. Wakubwa wengi walimbeza, naye hakuchapisha kitabu chake hadi mwaka 1861. Alifariki mwaka 1865 kutokana na kidonda kilichoambukizwa, akiwa amefungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Enyi walimu na wanafunzi, tuandike mapema tuyajuayo. Ujuzi uliofichama hauponyi.