Georges Hébert: nguvu ya mwili ni ya kusaidia wengine

Wakaaji wa Goma wanajua namna volkano inaweza kuharibu mji. Georges Hébert, Mfaransa na ofisa wa jeshi la majini, aliyaona hayo huko ngambo, kwenye kisiwa cha Martinique. Tarehe 8 Mei 1902 mlima Pelée ulilipuka. Wingu la moto likashukia mji wa Saint-Pierre, na kwa dakika chache tu watu karibu 30,000 wakafa. Hébert alikuwa na miaka 27. Alikuwa kati ya wanamaji waliookoa watu wa eneo lile. Toka siku ile akashika wazo moja ambalo hakuliacha tena: nguvu bila moyo wa kusaidia mwenzako haina kazi.

Alizaliwa Paris mwaka 1875. Katika safari za bahari alikutana na watu wa Afrika na wa mabara mengine waliokuwa na mwili wa nguvu na mwepesi, hata kama hawakuwaka na mwalimu wa jimnastiki. Maisha yao njo yalikuwa mwalimu. Wakati ule Wazungu walijiona walimu wa dunia nzima. Yeye akakubali kujifunza. Lakini jina lililobaki ni lake. Wale aliowatazama hawatajwi.

Aliporudi Ufaransa, alipewa kazi ya kuzoeza masoda wa majini kule Lorient. Zamani zile mazoezi yalikuwaka ya kusimama kwenye mstari na kuinua mikono kwa amri. Hébert akawatoa masoda inje, kifua wazi, na kuwafundisha jamaa kumi za mazoezi: kutembea, kukimbia, kuruka, kutembea kwa mikono na miguu, kupanda, kusimama sawa juu ya kitu chembamba, kutupa, kubeba, kujikinga na kuogelea. Akaiita njia ya asili.

Hapa watu wengi wanakosea. Mama anayebebaka mzigo mzito kila siku toka shamba, anafanya jamaa moja tu kati ya kumi, na mgongo wake unachoka. Hébert alitaka jamaa zote zifuatane, kila mtu kwa kipimo chake.

Mwaka 1913 alionyesha vijana wake kwenye mkutano mkubwa wa Paris, na mwaka ule ule akafungua chuo kule Reims. Kisha vita ya 1914 ikaingia. Yeye akajeruhiwa Ubelgiji, chuo kikaharibiwa. Kisha vita, alianza upya kule Deauville, pembeni ya bahari, na shule ya wanawake, juu aliona mwanamke pia anapashwa kukimbia, kupanda na kuogelea.

Mwaka 1925 akatoa kitabu cha kupinga michezo ya mashindano. Kwa maoni yake, kutafuta mabingwa na franga kunasahaulisha wengine wote. Wakubwa wa michezo hawakufurahi, na mashindano yakaendelea kukua.

Kazi yake ilipita njia ingine. Jeshi la Ufaransa lilichukua njia zake za vizuizi, na wazima-moto pia. Kati ya wazima-moto wa Paris alikuwemo Raymond Belle, mzaliwa wa Vietnam. Aliyojifunza akamfundisha mtoto wake David, na kwa David na wenzake ikatoka parkour, ule mchezo wa vijana wa kuruka kuta ambao leo unaonekana kwenye telefone kila mahali.

Uzeeni Hébert alipooza. Mtu aliyefundisha maelfu kukimbia akaanza tena sawa mtoto: kutembea, kusema, kuandika, mpaka akaweza. Alikufa Agosti 1957, akiwa na miaka 82. Mazoezi yake hayaombi mashine wala sale ya kulipa. Yanaomba uwanja, mti, jiwe, mto usio na hatari, na mwenzako wa kukutazama.