Vavilov: Mlinzi wa Mbegu Aliyekufa kwa Njaa

Wafalme na majemadari wa zamani twawajua kwa majina, lakini mtu aliyezunguka ulimwengu akikusanya mbegu ili wanadamu wasife njaa, kisha mwenyewe akafa njaa, ni nadra kutajwa barazani. Mtu huyo ni Nikolai Vavilov, Mrusi, na leo nawasimulia wasomaji maisha yake, kwani kazi yake yatuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki kuliko tudhanivyo.

Alizaliwa Moscow mwaka 1887. Alipokuwa mtoto mdogo, mwaka 1891, njaa kubwa iliiangukia Urusi. Alipokua alichagua elimu ya kilimo, na mwaka 1913 akaenda Uingereza kujifunza kwa William Bateson, bingwa wa elimu ya urithi wa viumbe.

Mwaka 1916 alisafiri hadi Uajemi na milima ya Pamir. Huko aliona jambo lililomzindua. Katika mashamba ya ngano ya bondeni, mmea uitwao rai ulikuwa kwekwe tu. Lakini kadiri alivyopanda mlima na baridi ikazidi, ngano ilidhoofika na rai ikashamiri, hata huko juu ikawa ndiyo inayolimwa. Akafahamu kwamba kwekwe ya mahali pamoja ni chakula cha mahali pengine, na kwamba nafaka zetu zina jamaa zao wa porini, waliozoea shida bila ya kulelewa na mtu.

Tangu hapo hakutulia. Mwaka 1924 alikuwa Afghanistan. Mwaka 1926 na 1927 alizunguka nchi za Bahari ya Kati, akafika Uhabeshi na Eritrea. Baadaye akaenda China, Japani na Amerika. Katika kitabu chake cha mwaka 1926 alieleza kwamba mimea ya chakula ina makwao, na hapo ndipo penye aina zake nyingi. Uhabeshi aliuhesabu kuwa mojawapo. Kufikia mwaka 1940, hazina ya mbegu aliyoiongoza mjini Leningrad ilikuwa imepita sampuli 200,000.

Hasidi akazuka. Trofim Lysenko, aliyeikana elimu ya urithi na kuahidi mavuno ya haraka, alipendwa na Stalin. Agosti 1940 Vavilov alikamatwa magharibi ya Ukraine, akiwa katika safari ya kukusanya mimea. Mwaka 1941 alihukumiwa kifo. Hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha miaka 20. Tarehe 26 Januari 1943 alifariki gerezani Saratov, mwili umekwisha kwa njaa, katika mji ule ule alikokuwa profesa mwaka 1917. Jina lake lilisafishwa mwaka 1955, yeye hayupo.

Wakati huo Leningrad ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Kijerumani, tangu Septemba 1941 hadi Januari 1944. Wenzake waliilinda hazina ile gizani na baridini. Kadhaa walikufa kwa njaa, akiwamo Dmitri Ivanov, mtunzaji wa mpunga, na mbegu hawakuzila. Sisi tuliosomeshwa chuoni kisa cha Nabii Yusuf, aliyeshauri nafaka iwekwe katika masuke yake kungojea miaka ya dhiki, twaelewa uzito wa amana hiyo.

Sasa natoka Urusi niwapeleke wasomaji Homa Bay na Migori, kando ya Ziwa Victoria, ambako wimbi na mtama ni vyakula vya tangu jadi. Wataalamu wasema wimbi lilianza kulimwa katika nyanda za juu za upande wetu huu, baina ya Uhabeshi na Uganda, na jamaa zake wa porini wangali wakiota wenyewe kandokando ya njia na mashamba. Mtama mwitu nao upo, na hata huku pwani hutukosi.

Mkulima huung'oa, na simlaumu. Wimbi mwitu hufanana na wimbi la shamba mpaka litoe suke, kisha punje zake hupukutika kabla ya kuvunwa. Anayetafuta chakula cha wanawe hawezi kulilea katikati ya shamba.

Lakini shamba hilo hilo lina maadui. Yupo kiduha, ambaye Wajaluo humwita kayongo, mmea wenye maua mazuri unaofyonza mizizi ya mtama, mahindi na wimbi. Upo na ugonjwa wa kuvu unaokausha suke la wimbi. Ndiyo maana wataalamu wamekuwa wakilichanganya wimbi la shamba na lile la porini, wakitafuta kinga ambayo mbegu zetu hazina.

Kenya ina hazina yake ya mbegu huko Muguga, iliyoanzishwa mwaka 1988. Ni jambo la kushukuru, ila mbegu iliyo ndani ya jokofu imelala, haizidi kujifunza. Iliyo porini yapambana kila mwaka na jua jipya na maradhi mapya. Na miwa ikienea, kama ilivyoenea pande za Awendo, barabara zikipanuliwa, na kila kingo ikilimwa, jani hilo litaondoka bila ya mtu kulilia.

Basi shambani ling'olewe, ila kwenye kingo, mabondeni na kando ya njia liachwe. Walinzi wa Leningrad walilipa roho zao kwa kuhifadhi mbegu. Sisi twaombwa tuzuie jembe hatua chache tu.