Mwalimu Sikujua wa Mombasa
Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, hakuajiriwa na chuo chochote cha utafiti. Maktaba yake ilikuwa vifua vya wazee wa Mombasa waliohifadhi mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyekufa karibu mwaka 1840. Aliyakusanya, akayaandika kwa hati za Kiarabu, akamfafanulia mmishonari William Taylor maana zake. Mwaka 1940 William Hichens aliyachapisha. Lau si Sikujua na wazee wale, mengi yangalipotea. Nasi walimu wa Rumonge na Nyanza-Lac, tulio mbali na maktaba kubwa, tunao wazee wa mwambao wa Ziwa Tanganyika. Tuketi nao, tuandike, tusahihishane, kabla kumbukumbu zao hazijazikwa pamoja nao.