William Burton: mhubiri aliyeandika maarifa ya Wabaluba

Wengi katika makanisa ya Katanga wanalijua jina la William Burton kama mwanzilishi wa kazi ya Kipentekoste huko Mwanza. Wachache wanajua kwamba mtu huyo huyo aliwaachia wasomi kazi kubwa sana juu ya desturi za Wabaluba. Tunapenda kukumbuka pande zote mbili. Zinawagusa ndugu zetu wa Mitwaba, kaskazini mwa Haut-Katanga, ambako Kiluba na Kisanga vinasemwa nyumbani hadi leo, na pia vijana wetu wanaosoma Lubumbashi.

Burton alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka wa 1886. Alisomea ufundi wa mitambo, lakini baada ya kuokoka aliiacha kazi hiyo ili ahubiri. Mwaka wa 1915 alifika Mwanza, katika nchi ya Wabaluba, pamoja na James Salter. Mwenzao mmoja alifia njiani kwa homa. Mwaka wa 1918 alimwoa Hettie Trollip wa Afrika ya Kusini, naye akawa mwenzake katika utumishi. Kazi yao iliitwa Congo Evangelistic Mission, na leo matunda yake ni Communauté Pentecôtiste au Congo.

Wageni hao hawakufanya kazi peke yao. Wakongomani waliowahi kuuzwa utumwani Angola walirudi kwao wakiwa huru, wakiibeba Habari Njema. Shalumbo, aliyekuwa zamani akiteka watu, akawa mhubiri, na Burton aliandika kitabu juu ya maisha yake.

Burton alihubiri kwamba mwamini aache manga na sanamu, na wengi walivitupa motoni. Lakini kabla ya kuhukumu aliuliza. Aliketi na wazee, akasikiliza hadithi na methali, akapiga picha, akachora kwa rangi. Mwaka wa 1930 jarida la Bantu Studies la Johannesburg lilichapa makala yake juu ya vyama vya siri vya Wabaluba. Kimojawapo ni Bambudye, waliotunza historia ya wafalme. Alipeleka vitu vingi katika chuo kikuu cha Witwatersrand ili wanafunzi wajifunze kwavyo. Katika miaka ya 1950 methali alizokusanya zilichapwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwaka wa 1961 jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lilitoa kitabu chake kikubwa juu ya dini na uganga wa Wabaluba.

Wakati huo alikuwa ameshaondoka. Vita vya Katanga vya mwaka 1960 viliwaua wamisionari wenzake wawili, Teddy Hodgson na Elton Knauf, pamoja na Wakongomani wengi sana. Burton alifariki Afrika ya Kusini mwaka wa 1971.

Tusimsifu kupita kiasi. Aliona kwa macho ya Mzungu wa wakati wake, na mara nyingi pale wazee walipoona hekima, yeye aliona giza tu. Jina lililo juu ya jalada ni lake, si la wazee waliomfundisha. Nazo kazi hizo zinakaa mbali nasi: mtoto wa Mitwaba anayetaka kuona alichochonga babu wa babu yake atahitaji pasipoti.

Hata hivyo anatuachia swali. Yeye mgeni alitumia zaidi ya miaka 40 kujifunza yale ambayo sisi wenyewe mara nyingi tunaona haya kuyauliza. Baadhi yetu tunafikiri kwamba kuijua mila ni sawa na kuiabudu. Mtume Paulo alitembea Athene akitazama madhabahu zao kwanza, ndipo akasimama kuhubiri. Anayejua anachokataa hukikataa kwa akili, na anayejua kilicho chema hukitunza.

Kwa hiyo tunawaomba wachungaji wasiwazuie vijana wanaosoma historia na lugha katika vyuo vyetu. Wanaporudi likizo, wapelekwe kwa mama na baba wazee wa kanisa, wakiwa na daftari. Waandike methali, majina ya vijiji, njia walizopita waliokimbia vita. Na safari hii jina la mzee anayesimulia liandikwe ukurasa wa kwanza.