Jina la Al-Khwarizmi lingali midomoni mwetu

Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Bahati hadi Umoja na Kayole, ni nadra kumpata mwenye simu asiyejua namba ya siri ni nini. Lakini akitajiwa algoriti, usimbaji fiche au akili mnemba, aghalabu raia huyo huyo hujitoa katika mazungumzo akidai kuwa hayo ni mambo ya Wazungu. Mimi, nikiwa mwanaisimu na mkazi wa Buruburu, naliona dai hilo kuwa na kasoro ya kihistoria, tena lenye hasara. Ushahidi wangu ni maisha ya mtu aliyefariki karibu karne 12 zilizopita.

Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi alizaliwa yapata mwaka 780. Nisba yake yaitaja Khwarizm, nchi iliyokuwa kusini mwa Bahari ya Aral. Alifanya kazi Baghdad, katika Nyumba ya Hekima, zama za Khalifa al-Ma'mun aliyetawala kuanzia 813 hadi 833. Huko wataalamu walifasiri kwa Kiarabu elimu ya Wayunani, Waajemi na Wahindi, wala hawakuona haya kukopa.

Yapata 820 aliandika kitabu cha hesabu ambacho neno moja la anwani yake, al-jabr, ndilo lililozaa aljebra. Hakuwalenga wasomi pekee. Alikusudia kuwafaa watu waliogawana mirathi, waliofanya biashara, waliopima ardhi na kuchimba mifereji. Kila swali alilifumbua kwa maneno ya kawaida, hatua baada ya hatua.

Aliandika pia juu ya tarakimu za Wahindi, sifuri ikiwamo. Maandishi hayo yalipofasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, jina lake likageuka kuwa Algoritmi. Kwanza likataja kuhesabu kwa tarakimu hizo, na baadaye utaratibu wowote wa hatua zilizopangwa. Hiyo ndiyo algoriti: mfuatano wa maagizo ambao kompyuta huufuata.

Sifuri nayo ina kisa chake. Kwa Kiarabu, sifr ni kitu kitupu. Kiswahili kililipokea neno hilo kutoka Kiarabu, nayo Ulaya ikalipokea kupitia Kilatini, likaja kumaanisha tarakimu, kisha maandishi ya siri. Hata leo Wafaransa huuita usimbaji fiche, yaani kuuvuruga ujumbe ili asiye na ufunguo asiusome, kwa neno lililo ndugu wa sifuri yetu. Ugeni uko wapi basi?

Al-Khwarizmi alifariki yapata 850. Manufaa ya mfano wake tunayahitaji sasa. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, akiba ya mama muuza mboga imo simuni. Laghai hana haja ya kuvunja usimbaji fiche. Humpigia simu mama huyo akijifanya mhudumu, akamwomba namba ya siri. Akili mnemba, ambayo ni programu inayojifunza kutokana na data nyingi, yaweza kuiga hata sauti ya mwanawe. Na anapoomba mkopo kwa simu, algoriti yaweza kuamua apewe au anyimwe. Asiyekuwa na neno la kulitaja jambo atauliza nini, na atamshtaki nani?

Sisi wanaisimu tumebishana miaka mingi kuhusu tarakilishi, ngamizi na kompyuta, na sasa twabishana kama tuseme akili mnemba, akili unde au akili bandia. Mjadala huo una mahali pake. Hata hivyo, istilahi isiyofika Dandora haijamlinda mtu. Walimu wa Kiswahili, machifu katika mabaraza, maimamu na wachungaji hawana budi kuyafafanua maneno haya kama alivyofafanua mzee wa Baghdad: kwa lugha ya wenye haja nayo, hatua baada ya hatua.