Habari za Maisha ya Solomon Plaatje

Ni swali la tangu zamani katika sharika zetu: Mkristo afanyeje aonapo sheria ya nchi inamwonea jirani yake? Wako wasemao anyamaze na kuomba tu. Wako wasemao imempasa kusema. Hatutaki kulijibu kwa maneno mengi. Twapenda kuwapa habari za mtu mmoja aliyelelewa katika misioni ya Kilutheri, naye alilibeba swali hilo maisha yake yote.

Solomon Tshekisho Plaatje alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1876 katika jimbo la Orange Free State, nchi ya Afrika ya Kusini. Wazazi wake, Johannes na Martha, walikuwa Wakristo wa kabila la Barolong, ambao ni Watswana. Alikulia Pniel, kituo cha Misioni ya Berlin karibu na mto Vaal. Misioni hiyo ndiyo ile ile ambayo mwaka 1891 ilifika kaskazini ya Ziwa Nyasa, na wengi wa wasomaji wetu wa kusini wanaijua kwa babu zao.

Pale Pniel alifundishwa na Mchungaji Ernst Westphal. Mke wa mchungaji akauona upesi wepesi wa akili wa kijana huyu, akampa mafunzo mengine nje ya saa za shule. Tena akawa mwalimu msaidizi wa watoto. Katika darasa za shule hakupita darasa la tatu, lakini hakuacha kujifunza mpaka kufa kwake. Alizijua lugha saba au zaidi, za Kiafrika na za Kizungu, naye akazitumia zote kwa faida ya watu wake.

Mwaka 1894, akiwa na umri wa miaka 17, alikwenda mji wa Kimberley, mahali pa machimbo ya almasi, akaajiriwa na posta kupeleka barua. Huko akamwona Elizabeth M'belle, binti wa watu wa lugha ya Kixhosa, wakaoana mwaka 1898. Mwaka huo huo akapata kazi ya mkalimani katika korti ya Mafeking. Hapo ndipo alipojifunza jambo lililomfaa siku zote: kwamba neno moja likifasiriwa vibaya, mtu asiye na kosa aweza kuhukumiwa. Vita vya Waingereza na Makaburu vilipoanza Oktoba 1899, mji wa Mafeking ulizingirwa hata Mei 1900. Plaatje akaandika kila siku mambo aliyoyaona, na hasa taabu ya watu weusi mle mjini, ambao wengine waliwasahau. Daftari zake zilichapishwa mwaka 1973, zaidi ya miaka 40 baada ya kufa kwake.

Mwaka 1902 aliiacha kazi ya serikali, akawa mhariri wa gazeti la Koranta ea Becoana, lililotoka kwa Kitswana na Kiingereza. Silas Molema, mtu wa ukoo wa wakuu wa Barolong, ndiye aliyetoa fedha. Gazeti lilipokufa kwa madeni, Plaatje hakukata tamaa. Mwaka 1910 akaanza lingine huko Kimberley, jina lake Tsala ea Becoana, maana yake Rafiki wa Watswana. Baadaye jina likawa Tsala ea Batho, yaani Rafiki wa Watu. Tarehe 8 Januari 1912 wajumbe kutoka pande zote za nchi walikutana Bloemfontein, wakaunda chama kimoja cha watu weusi ili makabila yaseme kwa kinywa kimoja. Mchungaji John Dube akachaguliwa kuwa rais, na Plaatje akawa katibu. Chama hicho ndicho kilichoitwa African National Congress tangu mwaka 1923.

Basi tumefika katika jambo lililo kubwa kuliko yote katika maisha yake. Tarehe 19 Juni 1913 sheria mpya ya ardhi ilianza kutumika. Ilimkataza mtu mweusi kununua au kupanga ardhi nje ya sehemu zilizotengwa, nazo sehemu hizo zilikuwa kama 7 tu katika kila 100 za nchi, hali watu weusi walikuwa theluthi mbili ya wakaaji wote. Katika Orange Free State walikuwako watu wengi waliolima mashamba ya Wazungu kwa plau na ng'ombe wao wenyewe, wakigawana mavuno na mwenye shamba nusu kwa nusu. Sheria ikayakomesha mapatano hayo. Mtu akatakiwa achague: ama awe mtumishi wa mwenye shamba, yeye na jamaa yake na ng'ombe wake pia, ama afungashe mizigo na kuondoka.

Plaatje hakukaa mezani akaandika yaliyosemwa na watu. Alichukua baisikeli yake, akaenda njiani walikokuwa wafukuzwa, wakati wa baridi kali ya kusini. Akawakuta watu na magari ya ng'ombe, wasio na mahali pa kulisha mifugo wala pa kulala. Mbuzi walikuwa wakizaa njiani, na watoto wao wakifa papo hapo. Akapata habari ya jamaa moja waliofukuzwa na mtoto mgonjwa. Mtoto akafa kwa baridi na mashaka. Nao wazazi hawakuwa na haki ya kuchimba kaburi mahali popote, kwa kuwa kila shamba lina mwenyewe. Ikawalazimu kumzika usiku kwa siri katika ardhi ya watu, kama wezi. Yeye asomaye habari hii na akumbuke habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Ila Nabothi alikuwa mmoja, na hawa walikuwa wengi.

Chama kikaamua kupeleka malalamiko mbele ya mfalme wa Uingereza. Mwaka 1914 wajumbe watano walifika London, nao ni Dube, Walter Rubusana, Thomas Mapikela, Saul Msane na Plaatje. Waziri wa makoloni akawapokea, lakini hakuwasaidia. Mara vita kuu ikaanza, na mashaka ya watu weusi yakasahauliwa. Wenzake wakarudi kwao; Plaatje akabaki mpaka mwaka 1917, akihubiri habari ya watu wake makanisani na katika mikutano ya vyama vya Wakristo. Fedha zilikuwa haba, na mara nyingi alidaiwa. Hata hivyo mwaka 1916 alitoa kitabu chake kikubwa, Native Life in South Africa, akiyaeleza mambo ya sheria ile kwa mpango, akitaja mahali na siku, ili mtu asiweze kusema ni uzushi. Mwaka huo huo akatoa kitabu cha methali za Kitswana zaidi ya 700, maana aliona kwamba watu wanaonyang'anywa ardhi huweza kunyang'anywa na lugha pia.

Aliporudi, watu wa chama walitaka awe rais wao; akakataa, kwa kuwa jamaa yake na gazeti lake walikuwa katika dhiki. Mwaka 1919 akaenda tena Uingereza pamoja na wajumbe wengine, wakaonana na waziri mkuu, Lloyd George. Huyu akawasikiliza kwa upole, akawaandikia wakuu wa Afrika ya Kusini, lakini sheria haikubadilika. Plaatje akapita Kanada na Marekani akisema habari ile ile. Alipokuwa mbali, mwaka 1921, binti yake Olive akafa nyumbani kwao Afrika ya Kusini. Mwaka 1923, kabla ya kuondoka London, aliuimba Nkosi Sikelel' iAfrika, wimbo wa Enoch Sontonga, ukatiwa katika sahani ya santuri kwa mara ya kwanza. Sauti ya wimbo huo ndiyo ya wimbo wa taifa la Tanzania, nasi twaiimba bila kujua ni nani aliyetutangulia.

Hatupendi kumfanya mtu huyu kuwa malaika. Alitumaini mno haki ya Waingereza, na vijana wa siku zake walimnung'unikia kwamba anabembeleza mahali pa kugoma. Mkewe na watoto walibeba mzigo mzito wa safari zake. Miaka yake ya mwisho chama kilimsahau kidogo, naye akaendelea kuandika, kufasiri vitabu vya Shakespeare kwa Kitswana, na kuwapigania watu kortini na maofisini. Hadithi yake, Mhudi, ilichapishwa mwaka 1930 na kiwanda cha misioni ya Lovedale. Akafa kwa homa ya mapafu karibu na Johannesburg tarehe 19 Juni 1932, siku ile ile ambayo sheria ya ardhi ilitimiza miaka 19. Akazikwa Kimberley.

Je, alishindwa? Kwa macho ya siku zile, ndiyo. Sheria ile ilidumu mpaka mwaka 1991. Lakini angalieni neno hili: katiba ya Afrika ya Kusini ya mwaka 1996 yampa haki ya kudai kila aliyenyang'anywa ardhi kwa sheria za ubaguzi baada ya tarehe 19 Juni 1913. Tarehe ile aliyoishuhudia Plaatje imekuwa mpaka wa madai. Wajukuu wa wafukuzwa walipotaka kujua yaliyowapata babu zao, walikuta yameandikwa, kwa kuwa mtu mmoja alikwenda kuona akayaandika kwa uaminifu. Mwaka 2014 chuo kikuu chenye jina lake kilifunguliwa Kimberley.

Sisi walimu na wazee wa sharika tusiseme kwamba mambo hayo ni ya wakubwa. Mjane akinyang'anywa shamba la marehemu mumewe, mara nyingi mwalimu wa Injili ndiye mtu wa kwanza anayejua kusoma na kuandika karibu naye. Basi twende tukaone kwa macho yetu. Tuulize pande zote mbili. Tuandike mahali na siku na majina ya mashahidi, wala tusiongeze chumvi. Tufuatane naye mpaka barazani. Na baraza likikataa, tusiichome karatasi yetu. Yule mjane wa mfano wa Bwana wetu hakuacha kwenda kwa kadhi dhalimu. Plaatje alikwenda hata siku ya mwisho, na madai yake yakaja kusikilizwa wakati yeye mwenyewe amekwisha kulala.