Beppo, Aliyepitwa na Tuzo Mara Mbili

Mchungaji wa Kimuka, nyuma ya vilima vya Ngong, akiinua macho usiku huona nyota tele. Asichokiona, wala mimi nawe msomaji hatukioni, ni milipuko ya miali ya gama. Macho hayaioni miali hiyo, na hewa huizuia isitufikie. Habari zake huletwa na setilaiti, na ile iliyofumbua fumbo lake ilikuwa ikipokelewa Malindi, papa hapa Kenya. Ilipewa jina la hayati Giuseppe Occhialini, ambaye rafiki zake walimwita Beppo.

Bwana huyu alizaliwa Fossombrone, Italia, mwaka 1907. Mwaka 1931 alikwenda Cambridge, Uingereza, akaunda pamoja na Patrick Blackett chombo ambamo chembe zitokazo angani zilijipiga picha zenyewe. Mwaka 1933 wakathibitisha kuwako kwa positroni. Hakuupenda utawala wa Mafashisti kwao, akahamia Brazil mwaka 1937. Vita vilipofika huko akahesabiwa adui kwa kuwa Mwitalia, akajitenga katika milima ya Itatiaia, akawa mwongozaji wa wapanda milima. Profesa mzima!

Baadaye alirudi Uingereza, na mwaka 1947 alikuwa miongoni mwa waliogundua pioni huko Bristol, chini ya Cecil Powell. Blackett akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1948, Powell mwaka 1950. Beppo hakupata. Kwangu mimi hiyo ni dhuluma.

Alifariki Paris, Desemba 1993. Setilaiti hiyo, BeppoSAX, ilirushwa Aprili 1996. Tarehe 28 Februari 1997 ilinasa mlipuko. Ilipogeuziwa pale pale saa nane baadaye, ikakuta eksirei zinafifia, mfano wa kaa baada ya ndimi za moto kuzimika. Mei mwaka huo mlipuko mwingine ukapimwa umbali: mabilioni ya miaka ya nuru. Ubishi wa miaka mingi, kama milipuko hii i karibu au mbali, ukaisha.

Nyota kubwa ikiporomoka, au nyota mbili za nyutroni zikigongana, huchomoka mkondo wenye kasi inayokaribia ya nuru. Mkondo ukigonga gesi iliyo mbele yake, elektroni huzungushwa na nguvu za sumaku zikatoa mwanga. Ndilo lile kaa. Jinsi mmweko wa kwanza wenyewe unavyozuka, wataalamu wangali wakibishana.

BeppoSAX ilizimwa mwaka 2002, ikaanguka katika bahari ya Pasifiki mwaka uliofuata.